Vita Vikiisha, Tukutane Wapi?

*Mwongozo kwa familia ya Kikongo iliyotawanyika na inayotaka kuungana ughaibuni*

Tuchukue familia moja ya mfano. Mama yuko kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kijana mkubwa alikimbilia Uganda, yuko Nakivale. Baba alionekana mara ya mwisho Uvira. Kitinda mimba alibaki Fizi kwa bibi yake. Dada yao wa pili alishafika Marekani kwa kesi ya mumewe. Ukizunguka vijiji vya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, hutachukua muda kukuta nyumba inayofanana na hii.

Kila mkataba wa amani unaposainiwa, uwe wa Pretoria Desemba 2002 au wa Washington Juni 2025, simu zinaanza kulia usiku: sasa tukutane wapi? Wapo wanaotaka kurudi, na hiyo ni haki yao. Wapo pia waliochomewa nyumba zaidi ya mara moja, wanaotaka kuhama kabisa na watoto wao. Mwongozo huu ni wa hao.

Jambo ambalo wengi wanaligundua wakiwa wamechelewa ni hili: mtaungana au hamtaungana kutegemea majina mliyoandikisha mwanzo kabisa, kabla hata ya kuwaza safari. Ofisa atakayefungua faili lako miaka sita baadaye atamtafuta mtoto wako kwenye ukurasa uliojazwa ulipovuka mpaka. Jina lisipokuwepo, mzigo wa kueleza ni wako.

KWA NINI AMANI PEKE YAKE HAIWAUNGANISHI

Sheria za nchi zinazopokea wakimbizi zinaitambua familia ndogo tu: mume, mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajavuka umri fulani. Bibi aliyekulea, mdogo wako wa miaka 25, mtoto wa marehemu kaka yako, kwako ni watu wa nyumba moja. Kwa sheria hizo wako nje ya mstari, au wanahitaji njia yao peke yao.

Pia kuna saa zinazohesabu. Nchi nyingi zinampa aliyetangulia muda maalumu wa kuwaombea aliowaacha, na muda huo unaanza siku aliyowasili au aliyopewa hadhi. Haungoji simu ya nyumbani ipatikane.

La tatu halisemwi sana mikutanoni: vita vikiisha, hifadhi nayo inaweza kuisha. Warundi wa Mtabila, palepale Kasulu, waliondolewa hadhi ya ukimbizi mwaka 2012 na kambi ikafungwa Desemba ya mwaka huo. Waliobaki ni wachache walioonekana bado wanahitaji ulinzi. Wanyarwanda waliokimbia kabla ya mwisho wa 1998 waliwekewa ukomo wa 31 Desemba 2017. Kwa hiyo usiseme "ngoja kwanza kutulie ndipo nifuatilie kesi". Kukishatulia, unaweza kuambiwa rudi nyumbani.

HATUA YA 1: WATAFUTE KWA NJIA INAYOACHA KUMBUKUMBU

Simu ya jirani ikikuambia mtoto yuko hai, shukuru. Kisha nenda ukaandikishe ombi la kumtafuta, hata kama unadhani unajua alipo. Ombi lenye tarehe na namba linakuwekea kumbukumbu ya lini ulianza kumtafuta, na linaendelea kufanya kazi hata simu ya jirani ikizimwa.

1. Nenda kwa Msalaba Mwekundu ulio karibu nawe, kambini au mjini. Kongo, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kenya zote zina chama chake, na nchi za ughaibuni vilevile. Huduma ni bure. Kazi hii ya kutafuta waliopotezana na vita wanaifanya kutoka Geneva tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914.

2. Peleka maelezo yanayomtofautisha mtu: majina yote pamoja na la utani, jina la baba na la mama, kijiji, *groupement* na *territoire*, shule, kanisa au msikiti, kazi yake, kovu au alama ya mwilini, mahali na mwezi mlipoachana, na nani alikuwa naye. "Juma wa Baraka" hapatikani. "Juma fundi baiskeli, mtoto wa marehemu mwalimu fulani, aliyekuwa akisali parokia fulani" anapatikana.

3. Kama simu haipiti, omba kuandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi ya wazi, haina bahasha. Andika habari za familia tu: nani yuko hai, nani amezaa, nani amefariki. Siasa, majeshi na pesa usiviguse.

4. Mtu akipatikana, yeye ndiye anayeamua kama anwani yake utapewa. Usimkasirikie ofisa kwa hilo. Kuna wake waliokimbia waume na watoto waliokimbia wajomba.

5. Wakati huohuo tumia njia zetu: parokia, makanisa ya Kipentekoste yenye matawi kila kambi, jumuiya ya msikiti, vikundi vya simu vya watu wa eneo moja, redio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili hasa ya watu waliopotezana, na Radio Kwizera ya Ngara ilizaliwa mwaka uliofuata kwa ajili ya wakimbizi. Redio bado inafika ambako intaneti haifiki.

> ONYO. Usiweke hadharani picha ya mtoto pamoja na jina lake kamili na mahali alipo. Atakayeiona si shangazi peke yake. Ataiona na mtu wa kikundi chenye silaha, na tapeli atakayepiga simu akidai yuko naye na anataka nauli.

HATUA YA 2: IANDIKE FAMILIA YOTE, KAMA ILIVYO

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwenye hatua nyingine yoyote. Kesi nyingi zinazovunjika hazivunjwi na uongo mkubwa. Zinavunjwa na majina, umri na undugu vilivyoandikwa kwa namna mbili.

Nunua daftari. Kila mtu apewe ukurasa wake: walio hai, waliopotea na waliofariki. Kwenye ukurasa andika jina kama lilivyo kwenye kadi yake, halafu chini yake kila namna nyingine lilivyowahi kuandikwa. Kisha tarehe na mahali pa kuzaliwa, mama mzazi, baba mzazi, anayemlea sasa, alipo, na namba ya kesi kama anayo.

*Majina.* Karani wa Uvira anaandika Ramazani; wa Kasulu anasikia jina lilelile na kuandika Ramadhani; wa tatu, Uganda, anapachika jina la ubatizo mbele na kuacha la babu. Watu watatu wamezaliwa kwenye karatasi. Zaidi ya hapo, kwetu Kongo ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo: huyu amepewa la babu, yule la siku za njaa, mapacha wana yao. Wazee waliopata karatasi baada ya Mobutu kukataza majina ya Kikristo mwaka 1972 wana vitambulisho visivyo na jina wanaloitwa kanisani. Ofisa kutoka nchi ambako baba, mama na watoto wote wanabeba jina moja atauliza. Mweleze bila kungoja aulize. Usibadilishe jina la mtoto ili lifanane na lako, maana hapo ndipo utaonekana umemnunua.

*Umri.* Waliofika bila cheti wengi wameandikiwa 1 Januari. Kama unaujua mwezi wa kweli, omba marekebisho mapema, na tarehe iwe ileile kwenye kadi, shule na zahanati. Usimpunguzie kijana umri ili aonekane mtoto. Akikamatwa na hilo, hata yaliyo kweli kwenye faili yatatiliwa shaka.

*Undugu.* Tunamwita baba mkubwa baba, na mama mdogo mama, na ndivyo tulivyolelewa. Mbele ya ofisa sema "baba mzazi" na "baba mdogo, ndugu wa baba mzazi". Kijana akisema interviu ya kwanza kwamba baba yake ni fulani aliyemlea, na ya pili akamtaja aliyemzaa, faili litaandikwa kuwa maelezo yanapingana, na hakuna mtu atakayepiga simu kukuuliza maana.

*Mtoto uliyemlea.* Mtoto wa marehemu dada yako mwite hivyohivyo: mtoto wa marehemu dada yangu, ninamlea tangu mwaka fulani. Nalisisitiza kwa sababu liliumiza watu. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA, vilivyoanza kwa majaribio Nairobi, kuonyesha kuwa madai mengi ya uzazi hayathibitiki. Mpango ulirudi mwaka 2012. Ninaamini wengi katika hao walikuwa yatima waliolelewa kwa haki, wakaandikwa "wangu" kwa sababu ndivyo tunavyosema. Yatima anayelelewa ana njia yake ya kisheria. Akishaandikwa kuwa wa kuzaa na damu ikakataa, njia hiyo inafungwa.

*Mke wa pili.* Nchi za Magharibi zinatambua mke mmoja. Kumficha wa pili si suluhisho. Watoto wake ni watoto wako, na nchi nyingi zinawaangalia kama watoto wengine wote, mradi mama yao akubali. Mtaje. Uamuzi wa nani anasafiri na nani ufanyeni nyumbani kwa uwazi kabla ya ofisi kuwauliza kila mmoja chumba chake.

*Waliopotea.* Mtaje kama aliyepotea, pamoja na mara ya mwisho alipoonekana. Watu huacha kumtaja mume kwa kudhani mjane anahurumiwa haraka. Mume akitokea hai Lusaka miaka mitatu baadaye, mama huyo atakuwa amemfuta kwa saini yake mwenyewe.

> BADILIKO LIKITOKEA, RIPOTI MWEZI HUOHUO
> ☐ Mtoto amezaliwa
> ☐ Mtu ameoa, ameolewa au ameachana
> ☐ Mtu amefariki (chukua karatasi ya zahanati)
> ☐ Aliyepotea amepatikana
> ☐ Namba ya simu imebadilika
> Omba karatasi mpya inayoonyesha badiliko. Kauli ya "tumeshaandika kwenye kompyuta" haitoshi.

HATUA YA 3: CHAGUENI NANGA

Familia haiwezi kuomba kutoka nchi tano kwa mpigo. Kaeni kikao, hata cha simu, mchague nani awe nanga: mtu mwenye kesi iliyosimama vizuri zaidi, ambaye wengine wataunganishwa naye. Kwa familia yetu ya mfano, mama wa Nyarugusu anafaa kuliko dada wa Marekani. Sababu utaiona kwenye hatua inayofuata.

Kisha kila mmoja, mahali alipo, aiambie UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na ofisi ya serikali (kwa Tanzania ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, kwa Uganda Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa Kenya Idara ya Huduma za Wakimbizi) kuwa ana familia kwingine, na atoe namba za kesi zao. Omba kesi *ziunganishwe*: kila moja inabaki na namba yake, lakini zinajuana. Kesi zikijuana, kijana wa Nakivale akiitwa na mama akiitwa, ofisi zinaweza kuwapeleka nchi moja.

Watu wanafanya kosa hapa kwa mapenzi tu. Kijana anasikia mama yuko Nyarugusu, anafunga begi, anavuka mpaka usiku. Kesi yake ya Uganda inasinzia kwa sababu hayupo. Akijaribu kujiandikisha upya, alama za vidole na mboni ya jicho zinamtoa. Na Tanzania mkimbizi hatembei nje ya kambi bila kibali. Kuhamia alipo mama kunawezekana, hasa kwa mtoto mdogo, lakini serikali mbili na UNHCR wakubaliane kwanza. Usijiandikishe mara mbili, kwa jina lolote.

HATUA YA 4: JUA MLANGO WENU NA SAA YAKE

Kwanza, UNHCR inapendekeza; nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Hakuna mfanyakazi wa kambi anayeweza "kukupa Kanada". Pili, sheria hizi zinabadilika haraka kuliko karatasi za mwongozo, kwa hiyo thibitisha kila kipengele kwa wakili wa msaada wa kisheria au tovuti ya serikali husika kabla ya kujaza.

Marekani. Aliyeingia kama mkimbizi akiwa kichwa cha kesi ana miaka 2 tangu kuwasili kumwombea mume au mke, na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21, kwa fomu I-730. Fomu hailipiwi. Dada yetu wa mfano aliingia kwa kesi ya mumewe, hivyo fomu hiyo si yake. Na hata ingekuwa yake, haibebi wazazi wala ndugu. Njia yake ni kupata uraia, ambapo akiwa na miaka 21 au zaidi anaweza kuwaombea wazazi bila foleni ya kila mwaka. Ndugu wa tumbo moja foleni yao ni ndefu sana, ya miaka mingi. Uwe pia na habari kuwa upokeaji wa wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na kiwango kilichotangazwa kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025 ni watu 7,500 kwa dunia nzima. Kama nanga yenu iko kwenye mlango huu, msikate tamaa wala msifunge milango mingine.

Kanada. Mwenzi na watoto tegemezi walio chini ya miaka 22 ambao hawakusafiri na mhusika wanaweza kumfuata kwa kesi ileile, mradi walitajwa kwenye ombi lake la kwanza na maombi yao yawasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu awasili. Asiyetajwa anaweza kuzuiliwa kabisa asiombewe kama mwanafamilia. Soma tena Hatua ya 2.

Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inaruhusu nchi kumwekea mwenye hadhi ya ukimbizi miezi 3 ya kuomba bila kudaiwa kipato na nyumba. Ujerumani, Sweden na Uholanzi ni miongoni mwa zinazotumia kipimo hicho. Angalia hadhi uliyopewa: mwenye hadhi kamili ya ukimbizi na mwenye ulinzi wa ngazi ya chini hawana haki sawa, na Ujerumani ilisimamisha kwa miaka 2, kuanzia Julai 2025, maombi ya kundi hili la pili. Mtoto aliyepata hadhi ya ukimbizi akiwa peke yake anaweza kuwaita wazazi. Marekani fomu I-730 haimpi mtoto haki hiyo, kwa hiyo msimtangulize mtoto mkidhani atawavuta.

Uingereza. Njia ya familia za wakimbizi ilisimamishwa kwa maombi mapya Septemba 2025.

Kijana anayekaribia umri wa ukomo ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Katika njia kadhaa umri unahesabiwa siku ombi lilipowasilishwa, na ukishafungwa hapo haumwondoi hata akifikisha miaka 23 akingoja. Kama mna nguvu ya kujaza fomu moja wiki hii, iwe yake.

HATUA YA 5: KARATASI

> MFUKO WA KARATASI
> ☐ Uthibitisho wa kuandikishwa wa kila mtu, na kadi ya chakula
> ☐ Vyeti vya kuzaliwa. Kama havipo, kadi za kliniki na za ubatizo
> ☐ Cheti cha ndoa. Kama ni ya kimila, maelezo ya mahari, tarehe na mashahidi
> ☐ Vyeti vya vifo
> ☐ Ripoti za shule zenye jina la mzazi
> ☐ Kadi ya mpiga kura ya Kongo, hata iliyochakaa
> ☐ Picha za pamoja, nyuma yake tarehe na majina
> ☐ Risiti za kutumiana pesa
> ☐ Namba ya ombi la Msalaba Mwekundu
> ☐ Daftari la Hatua ya 2

Piga picha kila karatasi, pande mbili, na uwatumie ndugu wawili walio nchi tofauti. Kambi zinaungua, maboti yanazama.

Usione haya kupeleka karatasi ndogondogo. Risiti ya shilingi elfu ishirini iliyotoka Nakivale kwenda Kigoma kila baada ya miezi miwili inaonyesha uhusiano kuliko barua yenye mihuri.

Kama aliyebaki Fizi hana cheti, Kongo mahakama inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi yake, ile inayoitwa *jugement supplétif*. Inaombwa huko huko na mlezi aliye naye. Usinunue cheti "cha zamani" kilichoandikwa jana. Balozi zinatambua mihuri iliyobadilika, na cheti kimoja cha bandia kinachafua vile tisa vya kweli.

Jambo moja la hatari: mkimbizi aliyetambuliwa asiende ubalozi wa Kongo kuomba pasipoti kabla ya kuuliza mshauri wa kisheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaruhusu kitendo hicho kuchukuliwa kuwa umejirudisha chini ya ulinzi wa nchi yako.

*DNA.* Usikimbilie kupima kwa hiari yako kwenye maabara ya mtaani, matokeo hayatapokelewa. Ngoja barua ya ofisi husika, ambayo itataja maabara. Kwa Marekani lazima iwe na ithibati ya AABB, na sampuli ichukuliwe kwa utaratibu wa ubalozi. Kabla ya kukubali, wazazi wakae wawili. Vita vya Kongo vimewaachia wanawake wengi mimba za kubakwa, na baba aliyemlea mtoto huyo miaka kumi hapaswi kuyajua hayo kwenye karatasi ya maabara. Mama anaweza kuomba kuzungumza na ofisa wa kike faraghani na kueleza kabla ya kipimo. Mtoto wa kambo, katika njia nyingi, anakubalika akitajwa hivyo.

HATUA YA 6: SIKU YA INTERVIU

Mtahojiwa mmoja mmoja, na watoto wakubwa wataulizwa pia. Maswali ni ya kawaida: mlilala wapi usiku wa kwanza, nani alibeba nini, jirani wa kushoto alikuwa nani.

Omba mkalimani unayemwelewa. Kiswahili cha Bukavu na cha Dar es Salaam si kimoja, na kama unajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe, Kifuliiru, Mashi au Kinyamulenge, sema hivyo mwanzoni. Ukisikia mkalimani amesema kingine, mkatize hapohapo kwa adabu. Ukimaliza omba usomewe ulichosema.

Kama tarehe huijui, sema huijui, kisha iweke kwa msimu: wakati wa kuvuna mihogo, kabla ya Pasaka, mwaka mtoto wa pili alipoanza kutembea. Familia zinazokariri tarehe moja kama wimbo ndizo zinazotiliwa shaka.

> MAKOSA YANAYOANGUSHA KESI
> • Kuongeza mtoto wa jirani "ili naye apone".
> • Kumtoa mume, mke au mtoto kwenye orodha ili kesi iende haraka.
> • Binti kuolewa kimyakimya kesi ikiwa njiani. Katika nchi nyingi ndoa inamtoa kwenye orodha ya watoto.
> • Kuhama kambi bila taarifa.
> • Kutumia simulizi ya mtu aliyefaulu.
> • Kukosa kuitikia jina kwa sababu simu ilikuwa ya rafiki.

MTOTO ALIYEBAKI BILA MZAZI

Aliye chini ya miaka 18 akiwa mbali na wazazi hasafirishwi kwa makubaliano ya simu. UNHCR na wadau wa ulinzi wa mtoto wanatathmini kwanza nini kinamfaa, na mtoto mwenyewe anasikilizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 10, unazitaka nchi kushughulikia maombi ya kuungana na wazazi kwa utu na kwa haraka. Kitaje kwenye barua yako. Usimkabidhi kwa dereva wa lori, wala kwa "mama mchungaji" anayekwenda upande huo. Bibi wa Fizi apewe maelezo ya maandishi na nafasi ya kusema: amemlea, na kumwondoa bila neno ni kidonda kingine.

PESA NA MATAPELI

Kuandikishwa na UNHCR ni bure. Interviu ni bure. Kupendekezwa kupelekwa nchi ya tatu ni bure. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifichua mtandao uliokuwa ukiwatoza wakimbizi fedha jijini Nairobi kwa ajili ya nafasi hizo. Mtu akikuambia anauza kesi, hata akiwa na kitambulisho shingoni, andika jina lake, siku na alichosema, usilipe, na upeleke kwenye sanduku la malalamiko au barua pepe ya kuripoti rushwa iliyobandikwa ofisini. Kuripoti hakufuti kesi yako. Kununua kesi ya mtu kunaifuta.

KIBALI KIKITOKA

IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) itawaita kwa vipimo vya afya, mafunzo mafupi na tiketi. Kwa wanaokwenda Marekani tiketi ni mkopo usio na riba, unaolipwa kidogokidogo mkishafika. Uliza kiasi kabla ya kusaini. Vipimo vya afya vina muda wa kuisha. Mkichelewa, vinarudiwa, na mkirudia mmoja mmoja safari zinaachana.

Kabla ya kupanda basi la kwenda uwanja wa ndege:

1. Hakikisha majina ya waliobaki yamo kwenye karatasi za mwisho mnazosaini. Msipoyaona, msisaini kwanza, ulizeni.
2. Chukueni namba za kesi za kila aliyebaki.
3. Mama au kijana aliyebaki apewe simu yenye laini iliyosajiliwa kihalali, isiyobadilishwa.
4. Chagueni mtu mmoja wa kusoma ubao wa matangazo wa kambi kila wiki, hata jina la familia lisipotarajiwa.

Mkifika:

1. Wiki ya kwanza mwambie mhudumu wenu wa kijamii: "Nimeacha mke na watoto wawili, nataka kuanza maombi yao." Mwulize tarehe ya mwisho na uiandike ukutani.
2. Mwezi wa kwanza pata msaada wa kisheria wa bure. Mashirika mengi yanayopokea wakimbizi yanao, au yanajua ulipo.
3. Wasilisha fomu hata karatasi moja ikikosekana, ukieleza kwa maandishi kwa nini haipo. Fomu pungufu iliyofika ndani ya muda inaweza kuongezewa. Iliyokamilika ikachelewa kwa siku moja mara nyingi hurudishwa.
4. Tunza risiti ya posta na barua ya kupokelewa kwa fomu, na umtumie aliyebaki picha yake, ili naye akaionyeshe ofisini na kesi mbili ziendelee kujuana.